Mapera Chini ya Kikwembe cha Défilé

Mama Nyiramahirwe wa Katindo alikuwa mutu wa kucheka, lakini ufizi wa mutoto wake haukumuchekesha hata kidogo. Furaha, binti yake wa pekee, alikuwa internat, shule ya bweni, kule Bukavu, na kila akipiga muswaki, damu. Bugali na maharagi kila siku, matunda hakuna. Muhula uliopita mama alimutumia rojo la mapera lililokaushwa. Alilianika juu ya mabati, jua kali, vile anavyoanika mihogo. Likatoka jeusi, harufu yote imekwenda, na damu haikukoma.

"Jua ndilo limekula vitamini, mama," Habarurema, infirmier anayetibu watu wa mutaa, akamuambia. "Kausha kwa kivuli, upepo upite."

Basi safari hii akaponda mapera, akachuja mbegu, akapaka rojo jembamba kwenye ungo, akauweka juu ya mawe meusi ya volkano, maana yanashika joto bila kuunguza. Juu yake, kwenye vijiti vinne, akatandaza kikwembe chake kizito cha kijani, kile cha kujifunga siku ya défilé, maandamano ya chama cha serikali. Siku ya pili rojo lilikuwa bado jekundu, linanukia mpaka njiani. Mama akaimba kwa furaha.

Mara huyo Papa Hitimana, mukubwa wa chama kwenye avenue yao, ndani ya abacost, koti lake la chama.

"Mama, défilé inaanza! Kikwembe kiko wapi?"

"Kiko kazini, papa. Kesho boti ya Bukavu inaondoka. Nikikiondoa, jua linakula dawa ya mutoto wangu. Bora unifunge!"

Hitimana akabandua kipande, akatafuna. Yezu wangu, akaanza kufungua vifungo! Akavua abacost, akaitandaza juu ya vile vijiti.

"Nyumbani niko na ingine. Vaa, twende!"

Mama akaingia défilé ananukia mapera, nyuki nyuma yake. Aliruka, akazunguka, akatupa mikono, mpaka wakubwa wakapiga makofi, wakisema hakuna mama anayependa nchi kama huyu.

Kesho yake mapera yakapanda boti, na baada ya wiki tatu barua ya Furaha ikafika. Mama akaikimbiza kwa Papa Hitimana, akaisoma kwa sauti mbele yake na ya muke wake.

"Mama, jana nimeuma muhindi wa kuchoma. Damu hakuna, hata tone!"

Mama akalia, akacheka, akalia tena. Kisha akasoma mustari wa mwisho:

"Lakini kifungo nilichokuta ndani ya mapera ni cha nani?"

Papa Hitimana akageuka polepole kumutazama muke wake, aliyekuwa akilaumiwa wiki tatu nzima kwa kupoteza kifungo cha abacost.