Fundi Hakifi na kiatu kilichotakiwa kufa

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hasubiri aambiwe. Ukimuuliza kuhusu kiatu cha rangi ya waridi kinachoning'inia msumarini kwenye ukuta wa kibanda chake, kati ya kopo la gundi na vipande vya ngozi, anakujibu kabla hujamaliza swali.

"Hicho? Ni kiatu cha mjinga. Hakiuzwi, na mjinga mwenyewe ndiye mimi."

Ni saa tatu asubuhi. Fundi viatu huyu wa miaka hamsini na mmoja amekaa kwenye kigoda, kiatu cha mteja amekibana magotini, misumari minne midogo ameibana kwa midomo. Anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi kama anayetema mbegu, anaigonga, anaendelea. Juu ya kichwa chake kuna ubao wa maandishi mekundu: KIATU HAKIFI. Ndiyo kauli yake kwa miaka ishirini na sita, na ndiyo iliyompa jina. Mtaa mzima unamwita Hakifi. Wapo wasiojua kama ana jina jingine.

Mlinzi wa benki anafika na buti lililoachama mbele kama mamba. Alilichukua hapa juzi tu. Hakifi analigeuza, anatemea misumari kiganjani na kusukuma kando kazi nyingine zote. Kibandani kwake sheria ni moja: alichokiharibu yeye anakirudia bure, na mwenye nacho anatangulia foleni.

Mama mmoja aliyewahi tangu kibanda hakijafunguliwa ananung'unika kwamba huo ni uonevu.

"Cha kwako kimeharibiwa na njia, mama," Hakifi anamwambia. "Cha huyu nimekiharibu mimi. Njia haina aibu. Mimi ninayo."

Foleni inacheka, naye anacheka. Ila katika kazi zote alizowahi kuharibu, ipo moja ambayo mpaka leo hajui aanzie wapi kuirudia.

Ana mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na mitano. Nyumbani wanamwita Sindano, jina alilopewa na baba yake kwa sababu ya wembamba, na kwa sababu tangu ameanza kutembea hakupenda kukanyaga chini kwa unyayo mzima. Akiwa na miaka saba alifuatana na baba kupeleka viatu kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vipuri. Humo hufundishwa baleti, ile densi ya kusimama kwenye ncha za vidole kana kwamba sakafu ina moto. Hakifi alipomaliza kuhesabu viatu na kugeuka, alimkuta binti yake mlangoni anaiga kila anachokiona. Mwalimu, mama mnene mwenye nyonga mbovu anayefundisha akiwa kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameacha kuwatazama wanafunzi wake anamtazama yeye.

Wakapatana siku hiyohiyo. Mtoto asome bila ada, baba ashone viatu vya darasa zima, vile laini vya mazoezi.

"Nilidhani ni mambo ya msimu, kama kuruka kamba," anasema Hakifi. "Mwaka wa tatu nikaona mtoto hajaacha, na mimi ndiye niliyeanza kugonga misumari kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne."

Hayakuwa mambo ya msimu. Siku sita kwa wiki, kwa muda wa saa tatu kila siku. Mama yake Sindano hupiga pasi mashuka ya hoteli kwenye kiwanda cha kufulia, na alikuwa akiomba zamu ya alfajiri ili jioni amkande mtoto miguu. Mwenye vidole vya kuvuja damu alikuwa binti, lakini nyumba nzima ilijifunza kuchechemea.

Halafu kuna viatu vyenyewe. Jozi moja ni sawa na kubandika soli arobaini, yaani kazi ya wiki nzima kwa fundi ambaye siku yake nzuri ni soli saba. Kwa mchezaji wa kiwango cha Sindano, jozi hiyo haifikishi mwezi.

Hilo ndilo Hakifi hakulielewa kamwe. Mara ya kwanza Sindano alipopata jozi mpya, baba alimkuta amekaa kwenye ngazi anazipigiza kwa nguvu zote, kama mtu anayeua nyoka, ili zilainike. Alizinyakua. Alisema hajawahi kulea muuaji wa viatu, na hataanza siku hiyo.

Ikabidi Mwalimu amwite. Alichukua kisu cha ngozi cha Hakifi mwenyewe, akapasua kiatu kikuukuu tangu nchani, akamwonyesha. Fundi alitegemea kuona chuma, au angalau kipande cha mbao. Aliona matambara, karatasi na gundi iliyokauka.

Mwalimu akamweleza kwamba kiatu hiki hulainika kidogo kidogo kwa jasho, na kikishalainika kabisa kimekufa. Kikifa kinatupwa. Hakishonwi, hakibandikwi, hakiombewi.

"Nilitikisa kichwa kama mjusi," anasema Hakifi. "Moyoni nikasema, huyu mama bado hajakutana na mimi."

Mwaka jana walikutana.

Shule kubwa ya dansi hufanya majaribio mara moja kwa mwaka na kuchukua wasichana wawili tu. Anayepita hulala hukohuko, hula hukohuko, na viatu hupewa. Mwalimu alikuwa ameshamwambia Hakifi, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya serikali, kwamba nafasi moja kati ya hizo mbili anaiona ina sura ya Sindano.

Siku kumi kabla ya majaribio, viatu vya Sindano vikafa. Jozi iliyoagizwa ilikuwa bado njiani. Mwalimu akamtafutia za kuazima kwa msichana mwingine, kubwa kidogo, zingejazwa pamba vidoleni. Isitoshe, Sindano alikuwa amemlalamikia baba yake kwamba sakafu ya hiyo shule kubwa inasemekana inateleza.

Kiatu kinateleza, kimechoka. Kwa miaka ishirini na sita Hakifi amesikia malalamiko hayo kutoka kwa wapishi, wachukuzi, wauguzi na wanaharusi, na dawa yake anaijua hata akiwa amefumba macho.

Jumapili mchana, mke kazini, mtoto ukumbini, alitoa viatu vilivyokufa kwenye mfuko. Akavimiminia gundi kali ndani ya ncha mpaka vikawa vigumu kama vimezaliwa jana. Kisha chini ya kila ncha akabandika mpira wa tairi, wa ukubwa wa kizibo cha soda, na juu yake akafunika satini kwa mishono ambayo jicho haliioni. Anakiri kwamba ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Sindano alivijaribu sebuleni akauliza vimefanywa nini, mbona vimekuwa vizito.

"Gundi kidogo tu," baba akasema.

Mtoto akamwamini. Akavihifadhi kwa siku ya majaribio ili visilainike tena, akawa anafanya mazoezi na vile vya kuazima. Mwalimu hakuambiwa kitu.

Siku ya majaribio wazazi walisimama mlangoni. Mbele walikaa waamuzi watatu nyuma ya meza. Sindano alianza taratibu, na Hakifi anasema aliona kalamu ya mwamuzi mmoja ikisimama hewani. Kisha likaja zunguko lenyewe, lile ambalo ncha inatakiwa iteleze sakafuni kama kidole kwenye mafuta.

"Mwili ulizunguka," anasema. "Mguu ukabaki."

Anaokota msumari uliodondoka, anaupangusa, anaurudisha kwenye kopo.

"Nilisikia mlio, nikadhani soli imeachia. Unanielewa? Mtoto wangu yuko chini, na mimi nimefikiria kiatu kwanza. Hilo ndilo ambalo sijajisamehe."

Mwalimu alimvua mtoto kile kiatu, akakigeuza. Akaichana satini kwa ukucha, akauona mpira. Hakufoka. Alitembea na nyonga yake mbovu mpaka mlangoni akamkabidhi mbele ya wazazi wenzake. "Chukua kiatu chako, Fundi."

Mfupa wa pembeni mwa unyayo ulikuwa umevunjika na kupinda. Ulifungwa kwa skrubu, kisha plasta kwa wiki kumi na moja. Plasta ilipotolewa, shavu la mguu wa kulia lilikuwa limenywea, mtu ungedhani kila mguu una mama yake. Nafasi mbili zilienda kwa wasichana wengine.

Habari haikuhitaji baiskeli. Wazazi walikuja mmoja mmoja kuchukua viatu vya watoto wao, wengine wakisingizia kwamba wanahama. Kati ya wanafunzi ishirini na wawili, watatu tu ndio walioacha viatu vyao kwake. Wapita njia wakapata la kuchekea kwenye ubao wake: kweli kiatu hakifi, anayekufa ni mvaaji.

Mke wake hakugombana. Siku ya tatu, akiwa anakunja nguo, alimwambia kwamba mtoto alimwamini yeye kuliko alivyomwamini mwalimu wake. Tangu hapo hajalirudia.

"Bora angenipiga na pasi," anasema Hakifi. "Ikiwa ya moto."

Kile kiatu alikitundika mwenyewe. Jirani yake, mchonga funguo ambaye mashine yake hupiga kelele hatua mbili kutoka hapo, amemsihi mara nyingi akishushe kwa kuwa kinafukuza wateja. Amempa na methali, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Koleo unanunua jingine," Hakifi alimjibu. "Mguu unauzwa duka gani?"

Toka siku ya majaribio hajagusa kiatu chochote cha binti yake, hata cha shule. Kamba ikikatika, Sindano anafunga fundo. Mtoto wa fundi viatu anatembea na fundo.

Na bado Sindano hajaacha baleti. Kila jioni hukaa mezani na daftari, na chini ya meza vidole vya mguu wa kulia vinavuta taulo, vinalikunja, vinalikunjua, mara mia mbili. Akimaliza hushika ukingo wa kabati la vyombo na kujiinua. Baba yake hukaa chumba cha pili akisikiliza vikombe vikigongana, na anasema hakuna sauti inayomchosha kama hiyo. Siku za baridi binti hushuka ngazi kwa makalio, kidato baada ya kidato.

Wiki iliyopita daktari alisema mfupa umeunga. Aliruhusu dakika tano kwenye ncha, baadaye kumi, na akaongeza kwamba hakuna anayeweza kumwahidi zaidi ya hapo. Majaribio yanayofuata ni baada ya miezi mitano. Sindano atakuwa ametimiza miaka kumi na sita, na shule haipokei waliozidi umri huo, kwa hiyo hiyo ndiyo mara ya mwisho. Mwalimu akiulizwa, hapambi maneno. "Nimewaona waliorudi," anasema. "Wasiorudi nimewaona wengi zaidi."

Hakifi ana mpango wake. Amezungumza na msusi mwenye saluni mtaa wa pili, mtu wa heshima, naye amekubali kumpokea binti kuanzia mwezi ujao. Kazi ya mikono, ya kukaa kwenye kiti. Mama mtu anaujua mpango huo, na alipoambiwa aliendelea kukunja mashuka. Sindano hajaambiwa.

Anaambiwa leo, saa kumi jioni, kwa sababu amefika kibandani na sare ya shule, akiegemea kidogo mguu wa kushoto, na amemwekea baba yake mapajani mfuko wa karatasi. Ndani mna jozi mpya kutoka kwa Mwalimu, tepe za satini zilizoviringwa, na kidonge cha uzi. Wasichana wengine hushona tepe zao wenyewe. Za Sindano zimeshonwa na baba yake miaka yote, na hazijawahi kuachia hata mara moja.

Hakifi anainua mikono juu kama aliyemwagiwa maji. Anaanza na msusi, anasifu saluni, anasifu viti vyake. Sindano anasikiliza mpaka mwisho. Anauliza kama tepe zitakuwa tayari kesho.

Baba anapandisha sauti. Anamwambia atazame ukutani. Anamwambia mikono hii imeshamvunja mara moja, haitamvunja mara ya pili, na kama ana akili aiache hiyo baleti akiwa bado anaweza kutembea kwenda sokoni kama watu. Mlinzi wa benki, aliyerudi kuchukua buti lake na alikuwa analijaribu, anajifanya anafunga kamba. Mchonga funguo amezima mashine.

"Hii kazi niliiharibu, mwanangu," Hakifi anasema, sasa kwa sauti ndogo. "Nimeiharibu. Basi tuiache."

Sindano anachukua uzi, anautia kwenye tundu la sindano ya baba yake, anafunga fundo, anamnyooshea.

"Baba," anasema, "mteja akikurudishia kiatu ulichokiharibu, huwa unamwambia aache kutembea?"