Mama wa Chini ya Masizi

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Hili lilinipata mimi, mchana kweupe, na akili zangu timamu.

Nilikuwa nafanya kazi mtaa wa Doornfontein, huku ugenini kusini, kwa mzee mmoja wa Kizungu anayesafisha picha kuukuu. Unajua tunasafishia nini? Mate. Unalowesha pamba kwa ulimi, unapangusa taratibu. Kwetu Uvira mama alitukataza kuacha mate ovyo, eti mate ni uhai wa mtu, lakini nilipuuza. Kazi ni kazi.

Siku hiyo nilipewa picha kubwa ya Ulaya ya zamani: mashamba, mto, na kwa mbali mji wenye minara ya kanisa, jeshi limeuzingira. Wakristo kwa Wakristo, wanauana kwa sababu hawa wanasali hivi na wale vile. Chini ya ukuta wa mji palikuwa na giza la masizi. Nikapangusa, ukatokea mguu wa mwanamke, hauna kiatu.

Nilipogeuka kuchukua pamba nyingine, alikuwa mlangoni. Haki ya Mungu! Sketi imejaa tope, mguu mmoja safi, mwingine mweusi tii, mtoto mgongoni.

"Yaya," akaniita kwa heshima, kama kaka mkubwa, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "iache hivyo. Wametufukuza mjini, chakula imeisha. Hapa chini ya uchafu askari hawatuone."

Nani angemwelewa kuliko mimi? Utotoni nilijificha chini ya mikeka ya kanisa, wenye bunduki wakipita. Lakini bosi aliitaka picha kesho yake, na hofu ilinifanya mkali.

"Toka! Nina kazi."

Akamkaza mtoto mgongoni, akatoka. Nikapangusa kwa hasira: goti, sketi, uso. Pale kwenye picha, mgongoni kwake hapakuwa na mtoto.

Asubuhi nilimkuta kwenye picha amelala kifudifudi, mkuki mgongoni, na askari ambaye jana alikuwa ng'ambo ya mto amesimama juu yake. Mteja mwenye picha, Mkenya wa Sandton kwa matajiri, alifurahi mno. "Hii damu ni kama ya leo, bana!"

Tangu hapo mdomo wangu ni mkavu, mkate haupiti bila maji. Kazi niliacha. Juzi nasikia mteja ameirudisha picha, eti kichaka kimoja kimebaki cheusi. Kazi hiyo amepewa Mtanzania wa Tanga, mkono mwepesi kuliko wangu. Nikampigia simu, nikamsihi. Akacheka.

"Masizi tu hayo, kaka. Nimeshafika kwenye kidole, kidogo hicho!"

Wewe unayenisikiliza, uchafu wa kitu cha zamani ukikataa kutoka, uache. Mimi niliombwa, tena kwa lugha ya mama yangu, nikapangusa.