Majani Mafupi Kando ya Lualaba

Wakati wa vita, familia za kanisa letu zilipanda kamyo moja zikikimbia kutoka Kamina. Mimi karani, mwenye miwani, nilipewa kazi ya kuchagua mahali pa kulala kando ya Lualaba. Wavuvi walikuwa wamejibana kilimani juu ya mawe, nami nikawacheka. Chini, karibu na maji, nilipata majani mafupi, safi kama ya misioni. Tukatandika mikeka, nikasali kwa sauti nikimshukuru aliyeyakata.

Mama mmoja wa wale wavuvi alishuka kuteka maji.

"Papa, unamujua mwenye kukata haya majani?"

"Hapana, mama. Iko wapi?"

Akanyoosha kidole mtoni. Kiboko alikuwa ameshatoa masikio, anakuja kula.

Mke wangu alikuwa tayari na mkeka kichwani. "Baki, umushukuru weye mwenyewe."