Wetu au Wenu

Leo nimesikia harufu ya mbaazi za nazi kwa jirani, nikajiona nipo barazani kwetu Marereni. Baba, mtu wa bara aliyekuja kufanya kazi ya chumvi, alikuwa akistaftahi na mjomba, kaka yake mama. Chama chao kilikuwa kimoja, ila kilikuwa hakijamteua mgombea wa urais.

“Safari hii tumsimamishe wetu,” mjomba alisema.

“Wetu yupi, shemeji?” baba aliuliza, akamtaja anayemtaka yeye.

“Huyo ni wenu. Mimi nasema wetu.”

Baba akakitua kikombe polepole. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa chumvi ya huko huko kwetu. Mjomba akachovya hamri kwenye mbaazi, hamtazami mtu.

Nikaingia jikoni, mama alikokuwa akikaanga.

“Mama, mimi ni wetu au ni wenu?”

Alisimama na mwiko mkononi mpaka mahamri yakaanza kuungua, ndipo akanikabidhi birika.

“Nenda kamwongeze baba yako chai.”

Nilipofika barazani, baba alikuwa ameshaondoka. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.