Pamba Tuliyokatazwa Kuilalia

Sisi tuliokulia bonde la Ruzizi wakati wa Wabelgiji tuliijua pamba kabla ya kujua kuandika majina yetu. Kila nyumba pale Runingu ilikuwa na shamba lake la pamba, na halikuwa la kupenda, lilikuwa la amri. Mbegu tulipewa bure, na bure yenyewe iliishia hapo hapo. Wenzangu wa rika langu mtanisahihisha nikikosea, ila nadhani bado mnayakumbuka yale maganda makavu yenye ncha. Yalituchana chini ya kucha mpaka kushika kalamu darasani ikawa mateso, na mwalimu hakutaka kusikia habari ya kucha. Wajukuu zangu siku hizi wakichomwa na mwiba mmoja wanataka wapandishwe hospitali ya Lemera.

Asubuhi tulikula muhogo wa jana, na ndagala, dagaa wa ziwani, kama kuna mtu aliyetoka Uvira, kisha shambani, kisha shule, kisha kuchambua. Mikeka ilikuwa miwili. Mmoja wa pamba nyeupe safi, tuliyoiita ya kwanza, na mwingine wa ile yenye madoa au iliyoingia unjano, ya pili. Kikapu cha ya kwanza kikikutwa na tonge moja la njano, chote kilishushwa kuwa ya pili, na bei ikashuka nacho. Mama alikuwa akinikazia macho na kusema, “Angalia muzuri, mutoto. Ukichanganya, tutakula bila munyu.” Nilikuwa na miaka sita, na nilikuwa nikiota pamba ya njano usingizini.

Mzungu tulimwona mara moja kwa mwaka, nyuma ya mizani. Mtu tuliyemwogopa kila siku alikuwa Monitere, mweusi kama sisi, mkaguzi wa mashamba aliyelipwa na kampuni ya pamba. Alikuwa na kofia ngumu, baiskeli, na filimbi iliyotufanya tuache hata kutafuna. Katika michezo yetu ya soko la pamba, tukibeba vikapu vya mchanga na kupuliza vijiti vya mpapai kama filimbi, kila mtoto aligombania kuwa Monitere. Mimi pia. Hakuna aliyetaka kuwa mkulima.

Na amri kubwa kuliko zote ilikuwa hii: pamba yote ni ya kuuzwa. Kubakiza hata ya kujaza kofia ni wizi. Basi sisi tuliolima pamba tulilala juu ya mikeka na majani makavu, na mashina yenyewe baada ya mavuno tuliyang’oa na kuyachoma.

Shingo ya Mama iliharibika kwa kubeba vikapu. Usiku alikuwa akigeuka huku na huku, na sote tulimsikia. Msimu mmoja Baba akaanza kubakiza ngumi moja leo, ngumi moja kesho. Alitoa mbegu kwa kidole gumba, akajaza pamba kwenye gunia dogo la chumvi, akalishona. Huo ukawa mto wa kulalia wa Mama. Haukumaliza mwezi mmoja. Monitere aliingia ndani kukagua, akaubonyeza, akauchana kwa kisu.

“Iyi ni nini?”

“Ni muto ya bibi yangu,” Baba akasema. “Shingo inamuuma.”

“Sasa njo shingo yako itauma.”

Askari walimpeleka Baba gerezani Uvira kwa miguu, akiwa ameubeba ule mto uliochanika kichwani kama ushahidi. Pamba zilikuwa zikidondoka njiani. Watu wengine walicheka, na mimi nililia kwa hasira, nikaapa kwa Mungu wa Misheni na kwa wengine wote kwamba Monitere siku moja nitamwona analia. Baba alirudi wakati wa kupanda tena, akikohoa. Hakuiona bendera ya uhuru.

Siku ya uhuru tulicheza mpaka sauti zikatukauka. Wanawake waliimba kwamba pamba imekwisha, na Mama, mjane tayari, aliimba kuliko wote. Wiki iliyofuata filimbi ikalia asubuhi kama kawaida. Kampuni ilikuwa ile ile na mizani ile ile, na Monitere alikuwa amenunua kofia mpya.

Miaka minne ilipita hivyo. Kisha waasi wakaja, na Uvira ikawa yao. Wazungu wa pamba wakavuka kwenda Burundi, na malori hayakuonekana tena. Ilikuwa majira ya kiangazi, tumeshavuna, na hakuna wa kununua. Kwa mara ya kwanza maishani pamba ikabaki nyumbani kwetu. Ilijaa chumba kizima, lundo la ya kwanza likafika karibu na paa. Mama hakuthubutu kuilalia. Alisema malori yatarudi tu, tukaendelea kuchambua.

Nyakati zile kila aliyewahi kushika kalamu au filimbi ya Mzungu alikuwa akitafutwa. Makarani walikimbia, walimu walizika vitabu vyao. Tulisikia fulani ameuawa, fulani hajulikani alipo. Kila mbwa alipobweka tuliacha kuongea.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, mtu akasukuma mlango wetu. Hakuwa na kofia wala baiskeli, na miguu yake ilikuwa inatoka damu. Sikumtambua mpaka aliposema.

“Mama, unifiche. Wako nyuma yangu.”

Alikuwa Monitere. Mama alimtazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kama msimu mzima. Nilingoja apige yowe. Kijiji kizima kingemwelewa. Badala yake akasogea pembeni.

“Ingia mule.”

Akaingia ndani ya lundo la ya kwanza, na sisi tukamfunika. Mama alimwachia nafasi ya kupumua upande wa ukuta wa matete. Kisha akakaa mkekani, akanivuta nikae, akaniwekea kikapu mbele yangu. Mikono yake ilianza kuchambua. Yangu nayo ikaanza.

Wakaja vijana watano, majani yamefungwa kichwani, mmoja ana bunduki na wengine mikuki. Aliyekuwa mkubwa wao hakufikia hata miaka ishirini.

“Mama, tumeambiwa Monitere alipita huku.”

“Minye niko nachambua tangu asubuyi, mutoto yangu. Sikuona mutu.”

Mmoja wao akachoma mkuki kwenye lundo, upande wa mlango. Akauchomoa, akautazama, akasogea hatua moja, akachoma tena. Hatua mbili nyingine na angemfikia.

“Baba, iyo pamba ni jasho ya mujane,” Mama akasema, bila kuinua macho. “Bwana yangu alikufa juu ya hiyo Monitere. Minye ningemuficha?”

Yule mkubwa akamzuia mwenzake kwa mkono. Kisha akachuchumaa mbele yangu.

“Mutoto haezi danganya. Weye, ulimuona Monitere?”

Miaka yote ile nilikuwa nimeingojea siku hiyo. Mtu niliyeapa kumwona analia alikuwa hatua nne nyuma yangu, na neno moja lilitosha. Nilifungua kinywa. Mama akaacha kuchambua.

“Alipanda Lemera,” nikasema. “Na njia ya mulima. Alikuwa anakimbia.”

Wakatoka mbio. Tulisikia vishindo vyao mpaka vikapotea, kisha tukakaa vivyo hivyo muda mrefu, tukiogopa kusogea. Alipotoka kwenye lundo, pamba ilikuwa imemshika nywele, nyusi na ndevu. Alionekana mzee wa miaka mia. Alikuwa analia, na mimi sikufurahi hata kidogo.

Akataka kupiga magoti. Mama akamkataza.

“Bwana yangu ulimufunga juu ya muto moja tu. Leo weye umelalia pamba yetu yote. Sasa enda.”

Akapita nyuma ya miwa, akaelekea Ruzizi. Tulikuja kusikia kwamba alivuka salama kwenda Burundi. Hatukumwona tena.

Pamba yenyewe haikuuzwa. Vita vilipofika kijijini petu tulikimbilia milimani na vyungu na nguo za mwilini, na nyumba ikaungua nyuma yetu na lundo zima ndani yake. Leo ukipita Runingu utaona mpunga na muhogo. Kijana wa huko anavaa shati la mtumba na hajui kama pamba inaota mtini au inachimbwa. Mmoja aliniambia yeye ni mfanyabiashara. Nilipomwuliza anauza nini, akanionyesha picha ya viatu kwenye simu. Viatu vyenyewe viko wapi? Hajaviona. Nilicheka, ila moyoni nilimwonea wivu kidogo, mtu anayeuza kitu ambacho hakijamchana kucha.

Mama aliisimulia habari ya siku ile mpaka uzee wake, kanisani, matangani, kwa mgeni yeyote aliyekaa kwenye kiti chetu. “Uyu mutoto yangu,” alikuwa akisema akinishika bega, “iko na huruma. Aliokoa mutu aliyemuulia baba.” Watu walinitazama kwa heshima. Nilikuwa nainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Siku hizi tukikutana wazee, hatumalizi chai kabla ya kuwasema vijana: kwamba wanajua bei ya kila kitu, kwamba wanathamini vitu kuliko watu, kwamba enzi zetu utu ulikuwepo. Wenzangu wanasema, na mimi naitikia. Lakini nimezeeka, na Mama amelala, basi niseme. Nilipofungua kinywa siku ile, neno lililokuwa ulimini ni “iko hapa.” Nilikuwa nimeshaligusa kwa meno. Kilichonizuia ni ule mkuki. Niliwaza wakimchoma mle ndani, damu itaingia kwenye lundo zima, na pamba yenye damu haipokelewi, si katika ya kwanza, si katika ya pili, na Mama ataniambia nianze kuchambua upya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliihurumia pamba.