Chofere aliongea na telefone akavunja mtu mguu, kisha akasingizia vita

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa kiti cha mbele. Sijaongeza chumvi.

Nilikuwa natoka Marabo kurudi mjini kwa taksi. Njia ile, leo inapitika, kesho watu wanashambuliwa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka chofere alimpigia mwenzake aliyetangulia, akaambiwa njia iko kimya. Hapo sina neno, ni normal.

Tukiwa mwendoni, telefone ikalia, akapokea.

Wote tukanyamaza tukidhani ni habari ya sécurité, usalama wa njia.

Kumbe ni rafiki yake! Wanapanga sherehe ya ndoa, nani aimbe, watu wavae kitambaa gani. Mkono mmoja kwenye usukani, kicheko mpaka basi.

Nikamwomba asimame amalize, ama anipe mimi nimjibu huyo mtu. Akasema ameendesha miaka mingi. Papa mmoja aliyekaa nyuma, mtu mzima kabisa, akanikaripia nimwache chofere, eti ile telefone ndiyo inatulinda.

Inatulinda!

Kwenye kona tukamgonga baba aliyekuwa anasukuma baiskeli ya makala, yale makaa ya kupikia, tena pembeni kabisa. Mguu ukavunjika. Tukampakia kwenda hospitali, na njia nzima alikuwa akimwita mke wake.

Sasa sikieni kilichonichoma roho.

Mke alipofika, chofere akamwambia tulisikia risasi, akaongeza mwendo ili atuokoe. Abiria kimya. Na yule mama akaamini. Walishakimbia vita kwao Djugu wakaacha kila kitu, angeshangaa nini? Akaanza hata kumshukuru.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, hakuna risasi ililia. Alikuwa anaongea na telefone."

Chofere akanitolea macho. Nikamgeukia yule papa, nikamwuliza mbele ya wote kama alisikia risasi. Akainamisha kichwa. Mwishowe akaninyoshea mimi kidole, akasema, "Huyu mama anasema kweli."

Mke akamgeukia chofere, akamwambia bila kupaza sauti:

"Vita ilitukamatia shamba na nyumba. Lakini hii mguu ya bwana yangu, ni weye ulivunja."

Mwenye gari aligharamia matibabu, chofere akaondolewa kazini. Yule baba anatembea kwa fimbo. Kazi ya makala ndiyo imekwisha, maana baiskeli yenye mzigo hawezi kuisukuma tena.

Nilichojifunza: kuulizia njia ni lazima huku kwetu, sikatai. Ila simama pembeni, ongea, maliza, ndiyo uendelee. Pakiwa pabaya kusimama, mpe abiria telefone. Na siye abiria, ule ukimya wetu ni ushirika katika kosa. Vita imetufanyia mengi ya kweli, tusiibebeshe na uzembe wetu.

Madereva mlio humu, na ninyi mliowahi kumkataza chofere akasikia: mlimwambiaje? Andikeni hapa chini, hata wa kunipinga nitawasoma.