Kilo Kumi na Mbili za Koleta

Madaktari waliikubali figo ya Koleta. Damu yake ilipatana na ya mdogo wake Asteria, aliyekuwa akisafishwa damu Moshi mara tatu kwa wiki, kila safari akirudi mnyonge zaidi. Walichokikataa ni uzito. Alikuwa na kilo tisini na mbili. Zishuke hadi themanini, walisema, ndipo wampasue.

Koleta, mkulima wa tangawizi huko Mamba, mwenye miaka arobaini na sita, hakulia. Siku ileile alimgawia jirani dumu lake la mafuta ya kupikia. Kila alfajiri akawa anapanda mlima hadi kanisani na kushuka, kanga imelowa jasho. Loth wa bodaboda alipunguza mwendo kando yake.

"Mama Clemence, panda nikupeleke bure. Unatembea kama mtu mwenye kesi."

"Kesi ninayo," akajibu, asisimame.

Baada ya miezi miwili, mizani ya zahanati ilisoma tisini na moja. Husna, muuguzi, akamuuliza anakula nini. Koleta alieleza kwa fahari: makande yasiyo na tone la mafuta, maparachichi mawili kila mlo kwa kuwa miti imezaa sana, karanga za kutafuna akipalilia, na sahani iliyojaa kila atokapo mlimani, maana mlima huleta njaa.

Husna aliyaandika yote, kisha akasema:

"Mama, parachichi ni zuri, lakini lina mafuta mengi. Karanga vilevile. Mlima usiuache, ila unachokipunguza asubuhi unakirudisha mezani."

Miaka yote Koleta alijua mafuta ni yale ya kumimina. Alirudi nyumbani akiihesabu ile miezi miwili, ambayo Asteria hakuwa nayo ya kupoteza.

Akapunguza sahani. Parachichi likawa kipande. Mlima akaendelea kuupanda. Kilo zikashuka polepole, kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi, na mwezi wa tano tangu aanze, mizani ikasoma themanini na nne. Alimpigia mdogo wake kumpa habari.

Asteria alicheka kwa pumzi fupi. "Dada, usije ukaisha kabla yangu."

Jumanne iliyofuata moyo wake ulisimama, akiwa bado kwenye mashine.

Msibani, shangazi yao aliushika mkono wa Koleta, akaupimapima, akasema huzuni imemkausha mtoto wa watu. Wanawake wote jamvini wakaitikia. Koleta hakuwasahihisha. Zilikuwa zimebaki kilo nne.